Uzoefu wangu wa tamasha la Naadam mjini Ulaanbaatar

Sehemu kubwa ya bei ya kifurushi nilichonunua kwa wakala wa safari ilikuwa tiketi ya sherehe ya ufunguzi, na baada ya kuyaona yote naamini hicho ndicho kitu ambacho mgeni wa Naadam anaweza kukikosa bila hasara kubwa. Tamasha hilo la kitaifa la Mongolia hufanyika kila mwaka kuanzia tarehe 11 Julai. Siku ya ufunguzi askari wapandafarasi huleta uwanjani fito tisa zenye singa nyeupe za farasi, yakafuata maandamano, ngoma na hotuba ndefu. Yanapendeza, lakini mtu aliyeketi juu, juani, huyaona kwa mbali.

Mieleka huanza katika uwanja huohuo, na hapo ndipo mwongoza wageni wetu alipostahili ujira wake. Washindani, ambao kwa kawaida ni 512, hupambana kwa mtoano wa raundi 9 bila kugawanywa kwa uzito, kwa hiyo kijana mwembamba anaweza kukutana na jitu. Anayegusa ardhi kwa goti, kiwiko au mgongo ameshindwa. Hupita chini ya mkono wa mshindi, naye mshindi hucheza polepole huku amekunjua mikono mithili ya tai. Ushindi wa raundi 5 humpatia mtu cheo cha kozi, yule ndege mwindaji, raundi 7 cheo cha tembo, na bingwa huitwa simba. Bila maelezo hayo ningechoka mapema, kwa kuwa jozi nyingi hushikana kwa wakati mmoja na baadhi hukaa muda mrefu zikivutana tu.

Kilichonishika zaidi ni upinde, unaochezwa kando ya uwanja mkuu, na ambako sikuombwa tiketi yoyote. Wanaume hulenga kutoka mita 75 na wanawake mita 65, wote wakiwa katika majoho yao ya hariri, na shabaha ni vikopo vidogo vya ngozi vilivyopangwa chini, ambavyo mimi kwa macho yangu nilivitambua kwa taabu. Waamuzi husimama karibu kabisa na shabaha hizo, jambo ambalo sikulizoea hadi mwisho, na mshale unapopata huinua mikono na kuimba. Unaweza kukaa karibu na wapigaji kiasi cha kusikia uzi ukilia.

Mbio za farasi hufanyika nje ya jiji, katika uwanda wa Khui Doloon Khudag. Ondokeni kabla ya alfajiri, kwa maana barabara hufurika magari. Umbali hutegemea umri wa farasi, kuanzia kilomita kumi na ushei kwa wale wa miaka 2 hadi zaidi ya 20 kwa waliokomaa, hivyo mtazamaji huona mwisho tu: kwanza vumbi upeoni, kisha vishindo, kisha watu wanaokimbilia washindi, kwani vumbi lao huhesabiwa kuwa baraka. Farasi wa miaka 2 anayefika wa mwisho naye huimbiwa, na desturi hiyo niliipenda mno. Wapandaji ni watoto, wengine wadogo sana, na ingawa niliowaona walivaa kofia ngumu sikuweza kuwatazama kwa utulivu. Anayesafiri na familia ajue hilo mapema.

Chakula ni rahisi kupatikana. Khuushuur, yaani unga uliokunjwa na nyama ya kondoo ukakaangwa, ni ndugu wa sambusa asiye na viungo. Airag, maziwa ya farasi yaliyochacha, yana kileo kidogo, kwa hiyo asiyetumia kileo akatae kwa upole.

Beba kofia na koti la mvua kwa pamoja, kwa sababu hali ya hewa hubadilika ghafla. Kama ratiba yako inaruhusu, tafuta pia Naadam ya wilayani, ambayo michezo yake ni ileile lakini watu ni wachache na unasimama hatua chache kutoka kwa wanamieleka.