TAHADHARI: kuna mtu anauza winchi na tairi za modeli za malori ya visima, NI MWIZI

Jamani mnaojenga modeli, hasa mliopo Texas na Oklahoma, someni hii kabla hamjatuma hata dola moja. Kuna mtu anajiita fundi wa resini, yaani anamimina vipuri vya modeli kwa plastiki ya maji kwenye moldi, yuko Houston kwa maneno yake, anawafuata watu inboksi anauza winchi, rola ya mkia na tairi za malori ya visima vya mafuta, skeli ya 1/25, yaani mara 25 ndogo kuliko za kweli. Mi amenila dola 180 na nina hasira hata usingizi sipati.

Lile lori langu la modeli mnalijua. Fremu nshaikata kwa shiti za plastiki, bodi tayari, zile nguzo mbili za kunyanyulia nimezitoa kwenye bomba la shaba, sentimita 24 kila moja, maana za kweli nilizopima hapa Odessa, Texas, ni mita 6. Kilichobaki winchi na tairi. Winchi ya lori la kuhamisha rigi, yaani mtambo wa kuchimbia kisima, ina ngoma, ina giaboksi, ina klachi na mkono wake, na waya lazima upite katikati ya nguzo ushuke sawa. Na tairi, nani atachonga meno ya tairi kumi zote zifanane?

Sasa sikilizeni. Alianza na shikamoo kaka, kwenu wapi, nikamwambia Mombasa, akasema yeye wa Tanga, basi tukawa majirani. Halafu akaniuliza mwenyewe rola yako ya mkia umeipa unene gani, maana wengi wanaifanya nyembamba na pale ndipo mzigo wote unapoburuzwa kupanda bodi. Mtu asiyejua haya malori atauliza hivyo? Na bei haikuwa ya kutupa, ilikuwa bei ya mtu anayejua kazi yake. Akatuma picha ya winchi imelazwa kando ya rula, na ya lori zima limeshapigwa rangi, zuri mpaka nikamwonyesha mke wangu.

Nilikuwa mapumziko ya mchana kazini, simu mkononi, akaandika kaka moldi ya silikoni imechoka, namimina leo kopi za mwisho, kuna Mzungu anazitaka. Moldi za silikoni huchoka kweli, hilo kila mtu anajua. Akasema kwenye app ya malipo tuma kama unamtumia ndugu, usiandike manunuzi, wananikata ada. Nikatuma. Akajibu "Mungu akuzidishie". Yaani alimtaja Mungu huku ananiibia!! Huyu afungwe, na kila dola aliyokula imtokee puani.

Mzigo ulikuja. Tairi nikazipima kwa kalipa, milimita 34. Tairi ya lori ya saizi 11R24.5 kwa 1/25 inatakiwa 44 hivi, hizi ni za 1/32, za toi. Winchi ni donge moja limetoka kwenye printa, mistari imejaa, ngoma haizunguki, hakuna resini hapo. Kumuuliza akaniblok. Na pesa hairudi kwa sababu kwa njia ile hakuna manunuzi ya kudai.

Dalili: picha zake ameziiba na kuzigeuza kama kioo ili ukizitafuta usizipate. Kwenye picha yake lori la Kimarekani usukani uko KULIA, wakati la kweli uko kushoto, ila mi nimekulia Mombasa, usukani kulia ndio kawaida, jicho likapita tu. Namba za rula nazo kinyume. Nilipoigeuza na kuitafuta nikampata mwenye kazi, amejenga lile lori kwa jasho lake wala hajui kuna mbwa anatapeli watu kwa picha zake. Huyo mwizi mwambie akutumie video anazungusha ngoma kwa kidole, atapotea.

Anatafuta sisi Waswahili makusudi, anajua tukisikia Kiswahili ugenini tunafungua mlango. Mwenye kumjua pale Houston amseme kwa wazee wa msikiti, kwa polisi, kwa mamake mzazi, asipewe hata mkono. Na kama umemtumia kwa kadi wiki hii piga simu benki sasa hivi, usingoje mzigo.