Wapimaji wa mtikisiko: mashine wanazo, adabu hawana

Mashine zao sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni saruji, na ule mdomo.

Ndugu tulichangishana kuwaita wapimaji hawa waipime nyumba yetu kwa sababu tangu lile tetemeko la Agosti 2020, la ukubwa wa 6 hivi, lililopiga baharini huko Dar likatutikisa hadi Unguja, shangazi halali ghorofani. Desemba ile ile sehemu ya Beit el-Ajaib ikaporomoka bila hata tetemeko. Jumba la Sultan Barghash, la 1883! Sisi wenye nyumba za mawe na chokaa Mji Mkongwe tukaanza kulala jicho moja darini.

Basi kijana wao kaingia bila hodi, viatu juu ya mkeka. Akafunga vihisi vyake kila ghorofa, visikilize nyumba inavyotikisika kidogo kidogo kwa upepo na magari ya Darajani. Shangazi yuko uani anatwanga. "Wee mama, acha kutwanga, unaniharibia data!" Shikamoo hajatoa! Haya, kinu kinatikisa kweli, lakini mtu mzima huombwa. Ningekuwa natoa nyota siku ile, wasingepata hata moja.

Majibu yakaja: ukuta wa nyuma unacheza peke yake, haufuatani na sakafu. Tukabandua lipu pale walipoonyesha. Ncha za boriti za sakafu zimeoza, unatia kidole kinazama. Tetemeko la maana lingeusukuma ukuta ule nje wote, maana hakuna kinachoushika. Mafundi wangapi wamepita pale wasione! Nikalainika, nikasema pesa yao halali.

Kumbe walitoboa ukuta wa sebuleni kutia skrubu, pembeni kabisa ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na tundu wakaliziba kwa saruji. Saruji! Chokaa hunywa maji na kuyatoa. Saruji huyafungia ndani, jiwe la tumbawe ukutani likaanza kumeguka. Hilo fundi chokaa yeyote hapa anakwambia. Hawa wanaojiita wataalamu wa majengo ya kale hawajui? Nampigia simu yule kijana, ananijibu, "Kitundu tu hicho, bro."

Waiteni, sikatazi. Sisi wenyewe tunawahitaji wapime tena boriti zikishabadilishwa, tuone kama ukuta umeshikana na sakafu. Ila msiwaache peke yao chumbani. Salio lao ninalo mimi. Waje na fundi chokaa wang'oe saruji yao, wamsalimie shangazi, ndio tuhesabiane.