Chati ya makundi ya viumbe: mifano ya pwani kabisa, ila uyoga wameuweka pabaya

Nimeinunua kwa duka moja la vitabu hapa mjini Mombasa, ni ile kubwa ya kubandika ukutani, na kama una mtoto wa sekondari itakufaa sana. Ngazi ziko juu kwenda chini, himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi halafu spishi, kila ukishuka kundi lapungua na waliobaki wazidi kufanana. Hayo chati zote zinayo. Kilichonifurahisha ni mifano jamani, hawakutuletea dubu, wameweka vitu vya kwetu! Nguru na jodari familia moja, mnazi na mtende familia moja, pweza na ngisi ngeli moja na ukipanda mpaka faila wawakuta na konokono na chaza, kamba na kaa nao wako faila moja na siafu. Mtoto akiona hivo hakariri tena, aelewa.

Pale kwa mamalia ndio nilikaa sana. Nguva na pomboo wote wa baharini, wote wanyonyesha, mtu angeapa ni ndugu, lakini nguva wamemweka oda yake karibu na ndovu na pimbi, na ndivyo ilivyo, hao ndio jamaa zake wa karibu walio hai, pomboo yeye yuko na nyangumi na jamaa yao wa karibu wa nchi kavu ni kiboko. Umbo limefanana kwa sababu ya maisha ya majini, si ukoo, na pointi hii wanafunzi wengi yawapita kabisa. Papa pia wamemtenga na nguru, manake papa hana mfupa, ana gegedu tupu, ile laini kama ya sikioni.

Sasa uyoga! Wameuweka kwa mimea, na mwanasayansi Robert Whittaker alishawapa fangasi, kundi la uyoga, himaya yao tangu 1969, uyoga haujitengenezei chakula kwa jua kama majani, wafyonza tu. Mtoto akijibu kwa mtihani kuwa uyoga ni mmea amekosa. Halafu jina la kisayansi la mnazi wameandika Cocos Nucifera, hiyo n yatakiwa iwe ndogo, herufi kubwa ni ya jenasi peke yake, yaani Cocos.

Karatasi yenyewe nzito na imelaminetiwa, unyevu wa huku hauiwezi. Nawapa nyota 4 kwa 5, inunueni, ila chukua makapeni urekebishe uyoga kabla hujabandika.