Hori ya Mida, Watamu: siku ya kwanza tulikosea saa

Kabla hujauliza nauli ya kwenda Mida, uliza maji yanajaa saa ngapi. Sisi tulipoteza asubuhi nzima kwa hilo. Pale tulikolala tuliambiwa, "Nendeni saa yoyote, ndege wapo tu." Baba aliuliza mwezi umeandama lini, hakuna aliyemjibu, nami nikahimiza tuwahi kabla jua halijawa kali. Tukafika saa nne. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, nayo yamekupwa, tope tupu mpaka upeo wa macho, na ndege wako huko mbali, wadogo kama punje za ufuta. Baba alisimama kidogo, akasema, "Turudi kesho, saa nane."

Hiyo safari ya kesho yake ndiyo ninayoipa nyota tano.

Kwa asiyepajua, Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu nyuma ya Watamu, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Hakuna mto mkubwa unaomwaga humo. Maji matamu yanachuruzika kutoka chini ya ardhi. Ng'ambo ya barabara kuu ya Malindi ndiko uliko msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukipanda matatu kutoka Mombasa, mwambie kondakta akushushe Mida, hakuna haja ya kufika Gede.

Njia yenyewe ni mbao zilizoning'inizwa kwa kamba katikati ya mikoko, kama mita 260, mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Inayumba. Baba ana miaka 76 na anatembea kwa bakora, kwa hiyo moyo ulinidunda. Kijana aliyetuongoza alimpa shikamoo, akaitikiwa, kisha akatangulia hatua moja mbele yake akienda polepole. Hakumshika mkono hata mara moja hadi Baba mwenyewe alipouomba. Adabu ile nimeikumbuka kuliko vitu vingi vya safari hii.

Baba ni mtu wa Lamu. Ujanani alikata mikoko, akahesabu boriti kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kuzipakia kwenye majahazi ya kwenda Uarabuni, ambako miti ya kuezekea ilikuwa haba. Kijana alipoanza kututajia majina, mzee akayapokea njiani: mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi. Wakawa wanasomeshana. Kwenye mchu mmoja Baba alivuta tawi, akapindua jani na kunionyesha upande wa chini, umepakwa chembe nyeupe. "Lamba." Nikalamba. Chumvi kali. Mti unakunywa maji ya bahari, chumvi unaitema kwa majani. Chini yetu mizizi yake ilikuwa imechomoza topeni kama penseli zilizochomekwa, na kati yake vikaa vidogo, kila dume ana gando moja kubwa kuliko mwili wake, analipunga juu chini akiwaita majike. Maji yalipoanza kutambaa, wote wakaingia mashimoni kwa mpigo mmoja.

Na hapo ndipo saa nane ilipoonyesha maana yake. Maji yakipanda, tope linapungua, na ndege hawana budi kusogea kuelekea kibandani. Tulikaa kama saa moja na nusu, wao ndio waliotufuata. Kijana alikuwa na darubini ya miguu mitatu. Alituonyesha sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, na vitwitwi ambao huzaliana Siberia. Kisha akamwita Baba peke yake: "Babu, njoo umtazame huyu." Ndege mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya majivu, mdomo mnene mweusi. Alikuwa amemkamata kaa, anamtikisa mpaka miguu inakatika, kisha anammeza. Huyu huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, tena huchimba shimo mchangani akataga humo yai lake. Baba aliinamia darubini muda mrefu. "Kumbe anatoka kule tulikopeleka boriti," akasema.

Fedha za kiingilio zinasaidia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyozunguka msitu na hori, kupitia mpango wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya ulioanza mwaka 2001. Mimi ni mwalimu, najua karo inavyomrudisha mtoto nyumbani katikati ya muhula. Nililipa kwa moyo mkunjufu, siku zote mbili.

Mengine kwa ufupi. Vaa viatu vinavyoshika, si ndala. Beba maji ya kunywa na kofia. Mtoto mdogo mshike mkono muda wote. Nenda kati ya Oktoba na Aprili, kwa sababu baada ya hapo wageni wengi wa kaskazini huwa wamerudi kwao. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi jioni, na kila siku inayofuata huchelewa karibu dakika 50, kwa hiyo hesabu nyuma saa mbili upate wakati wa kuwa kibandani. Baba amekwisha kunihesabia siku ya kurudi: mwezi mpevu wa Januari, na safari hii anataka kwenda kwa mtumbwi.