Danggui ya Minxian: nunua mzizi mzima

Kati ya mizizi yote inayouzwa katika soko la dawa za asili la Qingping, mjini Guangzhou, danggui ndiyo inayomtaka mnunuzi awe macho zaidi, kwa kuwa ni rahisi kuuziwa iliyoharibiwa. Niliyoinunua ilitoka Minxian, wilaya ya milimani yenye baridi katika jimbo la Gansu, ambayo Wachina huihesabu kuwa chimbuko la danggui bora, na nimeridhika nayo kabisa.

Mizizi ilikuwa mizima, yenye kichwa kinene cha mikunjo, kiwiliwili kifupi na mikia mingi iliyosokotana. Ganda lake ni la hudhurungi. Ukiukata, ndani una rangi ya maziwa inayoelekea manjano, yenye vitone vya mafuta vya rangi ya kahawia. Harufu yake, inayokaribia ya seleri, huenea chumba kizima mara mfuko unapofunguliwa, na ladha huanza kwa utamu kisha ikageuka kuwa kali na chungu kidogo. Katika meza nyingine vilipangwa vipande vyeupe pe, vya kupendeza macho, lakini vilikuwa na harufu ya uchachu, dalili ya kufukizwa kwa salfa, nami sikuvigusa. Chukua mzizi mzima, kisha mwombe muuzaji aukate mbele yako.

Niliupika kwa namna ya kale iliyoachwa na tabibu Zhang Zhongjing wa enzi ya Han: danggui, tangawizi mbichi kwa wingi na nyama ya kondoo, juu ya moto mdogo. Supu ilikolea vizuri, na harufu nzito ya kondoo ikakatika.

Nisichoweza kukisifu ni karatasi iliyobandikwa mfukoni, inayodai kwamba mzizi huu huondoa matatizo yote ya wanawake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliowafuatilia wanawake 71 kwa wiki 24, haukuona danggui peke yake ikituliza joto la ghafla la ukomo wa hedhi kuliko kidonge kisicho na dawa. Matabibu wa Kichina hujibu, na wana hoja, kwamba wao huichanganya na dawa nyingine. Hata hivyo, anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiinywe bila kumwuliza daktari, kwani inaweza kuzidisha hatari ya kuvuja damu, na mjamzito vivyo hivyo. Muuzaji wangu aliyasema haya mwenyewe kabla sijauliza, pamoja na kipimo cha gramu 6 hadi 12 kwa siku, kama kinavyotajwa katika mwongozo rasmi wa dawa wa China.