Kuondolewa kwenye meseji za kulipia: mtandao wangu naupa nyota mbili na nusu

Mimi ni wakala. Nina kibanda karibu na stendi ya mabasi hapa Korogwe: natoa na kuweka pesa, nauza vocha, nasajili laini. Mteja akikwangua vocha ya elfu moja mbele yangu, akaingiza, halafu salio likayeyuka kabla hajajiunga kifurushi, wa kwanza kusemwa ni mimi. "Dada, vocha zako zinakula." Wengine hata hawaniambii, wanahamia kwa jirani, na huko nako zinaliwa vilevile. Kwa hiyo haya ninayoandika kuhusu huduma kwa wateja ya mtandao mmoja mkubwa yanatoka kwa mtu mwenye maslahi yake, lijulikane hilo mapema. Jina la mtandao silitaji. Bado nauza vocha zao, na kamisheni yao imo kwenye kodi ya kibanda.

Ninachopima ni kitu kimoja tu: mteja akijikuta ameungwa kwenye meseji za kulipia asizozitaka, wanamtoa vipi, na pesa yake wanairudisha?

Bibi mmoja wa Manundu ndiye aliyenifanya nilifuatilie jambo hili mpaka mwisho. Ana kitochi ambacho namba 5 imefutika na mfuniko wa betri umebanwa kwa mpira. Wanawe wa Dar humpigia. Yeye hupiga Jumapili tu, akitoka kanisani. Alikuja na noti ya elfu moja, nikamkwangulia vocha, nikaingiza kwa *104*, kisha nikabonyeza *102# ili aone mwenyewe. Ikasoma elfu moja. Herufi zinampa shida, tarakimu anazijua vizuri. Nikaanza kutafuta menyu ya vifurushi. Simu ikalia. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu. Nikarudi *102#: mia tano na hamsini.

Nikafungua meseji. Ya kwanza ilimshukuru kwa kuendelea kupata matokeo ya Ligi Kuu ya Uingereza. Ya pili ilikuwa ushauri wa namna ya kumbembeleza mpenzi aliyenuna. Ya tatu ilikuwa swali la chemsha bongo, na zawadi yake pikipiki. Kila moja shilingi 150. Bibi amepita sabini na babu alishatangulia mbele ya haki. Nilimsomea ile ya mpenzi aliyenuna, akacheka mpaka akashika meza, kisha akauliza, "Na hiyo nayo wamenikata?" Nikamwambia ndiyo, bibi. Akaacha kucheka.

Aliingiaje? Kwenye vitochi kuna ujumbe unaoruka wenyewe juu ya kioo. Hauingii kwenye kisanduku cha meseji, unafunika kioo chote na kusubiri. Mtu anataka kupiga simu, kioo kimezibwa, anabonyeza kitufe chochote ili uondoke. Kitufe cha "Sawa" kiko palepale kidole gumba kilipozoea. Akishakibonyeza, kwenye kompyuta za mtandao inasomeka kwamba mteja ameridhia. Kwa vijana wenye simu janja mlango ni mwingine: anabonyeza tangazo kwenye intaneti, ukurasa unafunguka, anagusa "Endelea", basi. Namba yake hakuiandika popote, na anashangaa wameipata wapi. Ukiwa unatumia data ya simu, mtandao unaijua namba yako na unaweza kuupa ukurasa ule. Ukiwa kwenye WiFi ya mtu hauwezi, ndiyo maana kurasa nyingi za aina hiyo zitakuomba namba kwanza, au zitakwambia uzime WiFi. Ukiona ukurasa unakuomba uzime WiFi, ukimbie.

Na kwa nini vocha iliwe papo hapo? Kwa sababu mashine haichoki. Salio likiwa sifuri inajaribu kukata, inakosa, inajaribu tena baadaye. Siku ukiingiza vocha, huduma zote zilizokuwa zinasubiri zinaamka pamoja. Mteja anaona kama vocha ni mbovu. Wengine wanadhani ni deni la salio la kukopa, na wahudumu wa simu nao hukimbilia kuuliza hilo: "Mteja, hukukopa?" Bibi wa Manundu hajui hata kukopa kunabonyezwa wapi.

Sasa huduma yenyewe.

Njia ya kwanza wanayokupa ni kutuma neno ONDOA kwenda namba fupi iliyoleta meseji. Inafanya kazi, nimeijaribu kwa wateja wengi na majibu huja haraka. Lakini sharti uwe na hiyo namba. Siku hizi meseji nyingi zinakuja na jina juu badala ya namba, na jina huwezi kulijibu. Namba ya kujitoa huwa imewekwa mwishoni kabisa mwa ujumbe, baada ya nyota na alama za mshangao, na kwenye kitochi ujumbe mrefu unaweza kukukatikia kabla ya kufika huko. Mtu wa kumsomea bibi asipokuwepo, hiyo njia haipo. Hapa nawapa alama ndogo, maana kuingia ni kitufe kimoja na kutoka ni mtihani wa darasa la saba.

Njia ya pili, kupiga 100. Kupokelewa kunategemea saa: asubuhi mapema unapata mtu upesi, jioni utasikiliza muziki wao mpaka uukariri. Kaka aliyepokea alikuwa na adabu, sina ugomvi naye. Akaniambia huduma hizi mteja alijiunga mwenyewe, akanitajia tarehe na muda: saa nane usiku. Nikamwambia, kaka yangu, bibi huyu saa mbili usiku ameshalala. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mfumo ndivyo unavyoonyesha, dada." Akaziondoa zote tatu wakati bado niko kwenye simu, na meseji za kuthibitisha zikaingia moja moja. Kwa kasi hiyo nampa nyota zake bila kinyongo.

Siku chache baadaye nikampigia bibi kumjulisha kuna mzigo wake umeletwa na basi, nikapokewa na Bongo Fleva ya kucheza. Muito! Nao unalipiwa, na hakuna aliyenitajia. Kaka wa 100 aliondoa nilivyovitaja, basi. Hili ndilo kosa lao kubwa kwa maoni yangu, kwa sababu yeye orodha yote anaiona kwenye kioo chake na mimi siioni. Tangu hapo nikipiga sisemi "niondolee meseji za mpira". Nasema: nisomee huduma zote za kulipia zilizopo kwenye namba hii, pamoja na muito, moja baada ya nyingine, na uniambie kila moja inakata lini. Wanasoma. Wakiombwa wanasoma vizuri tu.

Njia ya tatu ni dukani kwao. Nilikuwa na safari ya Tanga kwa shughuli zangu, bibi akasema tufuatane, ana binti Muheza atamshukia wakati wa kurudi. Duka ni safi, lina kiyoyozi, unachukua namba unakaa. Foleni inakwenda, wahudumu wanaamka kumsalimia mtu mzima, shikamoo inatoka bila kulazimishwa. Tulipofika kaunta ndipo mambo yalipokwama: laini imesajiliwa kwa jina la mjukuu. Wakati wa kusajili, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya bibi ilikuwa haijatoka, mjukuu akaweka kidole chake, na watu wa aina hii hapa kwetu ni wengi kweli. Dada wa kaunta akasema aje mwenye laini.

Mimi nasajili laini, najua kwa nini wanabana. Mtu akiruhusiwa kubadilisha mambo kwenye laini isiyo yake, kesho ataomba laini mpya ya namba yako na akaunti yako ya pesa itafutwa mpaka senti ya mwisho. Hapo niko upande wao. Ila kuzima meseji za mapenzi si sawa na kuomba laini mpya. Anayezima makato hamwibii mtu. Wangeweza kuweka utaratibu mwepesi kwa hilo peke yake, na wakala kama mimi ningeufanya kibandani bila bibi kupanda basi kupitia Segera. Nilimweleza yule dada hivyo. Alinisikiliza kwa upole na akarudia kwamba aje mwenye laini.

Mjukuu yuko Dar. Kwa bahati duka lolote la mtandao huo linaweza kumhudumia, akaenda la karibu na kazini kwake na kitambulisho chake. Nilikuwa nimempa maneno ya kusema: usiombe waondoe, omba wafunge. Kuondoa ni kwa huduma zilizopo leo. Kesho ujumbe utaruka juu ya kioo na tutaanza upya. Kufunga ni namba yote kuzuiwa isiunganishwe na namba fupi za kulipia. Huduma hiyo ipo kwenye mtandao huu, wanaifanya bure, na hakuna bango hata moja dukani linaloitaja. Mabango yote yanatangaza simu za mkopo. Tangu ifungwe, bibi hajakatwa, na meseji zake za pesa zinaingia kama kawaida, maana hilo nalo tuliliogopa.

Kurudishiwa pesa ndiko kunakoshusha alama zangu. Zile 450 za siku ile walizirudisha kama salio, baada ya mimi kudai namba ya lalamiko na kuiandika kwenye daftari langu la miamala. Za nyuma wakasema ni za kampuni ya maudhui, "si sisi". Ni kweli nyuma ya namba fupi huwa kuna kampuni nyingine inayotunga hizo meseji, na mapato wanagawana. Lakini bibi hana mkataba na kampuni ya maudhui, hata jina lake halijui. Aliyeingiza mkono kwenye salio ni mtandao. Ukisema hivyo kwa sauti ya kawaida, wanakuhamishia kwa msimamizi, msimamizi anaahidi kupiga, hapigi.

Nikakumbusha kuhusu TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Utaratibu ni kwamba lalamiko linaanzia kwa kampuni, wasipokuridhisha unalipeleka TCRA, na kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji, TCRA CCC, linaloweza kukusaidia kulifikisha. Sheria ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na kanuni zake za kumlinda mtumiaji ni za 2018. Ndiyo maana nasisitiza namba ya lalamiko: bila hiyo huna cha kuonyesha kwamba ulianzia kwao. Nilipowatajia hayo na kuwasomea tarehe kutoka kwenye daftari, msimamizi alipiga siku hiyohiyo. Wakarudisha makato ya mwezi mmoja wa nyuma. Ya kabla ya hapo bado tunavutana.

Watu wananiuliza kuhusu 15040. Hiyo ni namba ya kuripoti matapeli, wale wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Ukiipata meseji ya hivyo, itume huko. Makato ya meseji za kulipia ni lalamiko la huduma, lina njia yake niliyoieleza, usipoteze muda kuyapeleka 15040.

Kuna ujanja mmoja ambao kampuni haitakwambia, na mimi wakala unanipunguzia mauzo ya vocha za kukwangua, lakini nausema. Meseji hizi zinakula salio la kawaida, hazigusi kifurushi. Ukinunua kifurushi moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yako ya pesa ya simu, shilingi haipiti kwenye salio, na mashine inabaki inasubiri, salio likiwa sifuri. Wateja wangu ambao bado hawajafungiwa nawafanyia hivyo.

Kwa hiyo kasi ya kuondoa, nne kati ya tano. Adabu ya wahudumu, nne. Uwazi, moja, kwa sababu ya muito na kwa sababu ya hilo bango lisilokuwepo. Kurudisha pesa, moja, na hiyo moja ni ya daftari langu. Jumla nyota mbili na nusu. Wakirudisha za nyuma za bibi nitaongeza nusu nyingine.

Ukiwa Korogwe na una tatizo hili, njoo kibandani kabla ya saa nne asubuhi, foleni ya kutoa pesa haijajaa na 100 wanapokea haraka. Njoo na simu yenyewe, usije na namba peke yake kwenye karatasi. Na meseji zao usizifute.