Redio ya kuzungusha mkono, niliyoinunua Birere, hapa Goma

Nililipa dola 15. Muuzaji alianzia 22, nikamwambia, "Papa, mimi ni wa hapa hapa." Akacheka, akashusha.

Ina tochi, kibao kidogo cha sola na mkono wa kuzungusha. Sola ni mapambo tu, msihangaike nayo. Lakini ukizungusha mkono kwa dakika chache, unasikiliza habari nzima bila betri.

Kilichonifanya niinunue ni usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka, umeme ukakatika, simu hazikupita. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa miguu na watoto, hatujui lava imefika wapi. Kumbe ilikuwa imesimama karibu na uwanja wa ndege. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka huku na kule, nyufa zikatokea pande zote mbili za mpaka. Tetemeko halionyeshi jeton, kile kikaratasi cha kuvukia, kwenye mpaka wa Petite Barrière.

Basi mimi nimeijaribu hivi: nyumbani Himbi inashika Radio Okapi vizuri sana, na ukigeuza antena kidogo inashika stesheni za Rwanda. Shemeji yangu wa ng'ambo ya mpaka ananitafsiria Kinyarwanda kinaponishinda. Tarehe 27 Mei, tulipoamriwa kuhama, kartie (mitaa) 10 za Goma, ningelipa hata 40 kwa kitu hiki.

Ubaya: antena ni laini kama mwiba wa sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, mtoto ameshaipinda. Na haitakuonya kuhusu mazuku, jamani, ile gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na haina harufu. Kujihadhari nayo bado ni kazi yako.